Kemia ya Dzaleka inatuhusu sisi wa mizigo

Sisi tunaovusha mizigo Kasumulu kwenda Lilongwe tunaijua kemia kwa bei yake. Sabuni, jiki, maji ya betri na kostiki soda hupanda lori moja, na baadhi yake hushushwa kwa wateja wetu wa Tsoka. Ni wangapi kati yetu wanajua kwamba jiki ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu? Ndiyo maana nasema suala la nani anasoma kemia, na anaisomaje, linatuhusu.

Kaskazini mwa Lilongwe, mwendo usiofika saa moja na nusu, ipo kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili kinasikika kila kona. Tangu 2010 vijana wa pale wamekuwa wakisoma masomo ya chuo kikuu kwa intaneti kupitia Wajesuiti, wakianza na stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Hilo ni la kupongezwa.

Kemia, hata hivyo, inahitaji mikono. Mkimbizi hatakiwi kutoka kambini bila kibali, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Maabara za Lilongwe ziko karibu kwa barabara, lakini mbali kwa sheria.

Wapo wanaosema video inatosha. Video haimzoeshi mtu kutia kostiki kwenye maji kidogo kidogo, badala ya kumwagia maji juu ya kostiki. Wengine wanasema mwanafunzi anunue vitu sokoni ajaribu nyumbani. Katika nyumba zilizobanana, zenye watoto, huko ni kuita msiba.

Ipo njia salama. Open University ya Uingereza iliwahi kuwapelekea wanafunzi wake masanduku ya majaribio nyumbani. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kimetengeneza vifaa vinavyotumia matone badala ya chupa nzima. Kemikali ikiwa matone machache, hata madhara ya ajali hupungua. Masanduku hayo yakae kwenye kituo cha masomo kambini, chini ya msimamizi, pamoja na miwani ya kinga, glovu na maji ya kuoshea macho. Kisha wanafunzi wapewe kibali cha pamoja, waende maabara ya Lilongwe wiki mbili kila mwaka.

Malawi, Tanzania na Kongo zote ni wanachama wa SADC, yenye Itifaki ya Elimu na Mafunzo tangu 1997. Basi sanduku la mwanafunzi lisihesabiwe mpakani kama shehena ya biashara. Vyama vyetu vya wafanyabiashara navyo vinaweza kuchangia miwani na glovu. Gharama yake ni ndogo kuliko jicho la mtu.

Vijana hao wakihitimu, ndio watakaotuambia kipi kisipakiwe pamoja na kipi. Kwa sasa, ndugu zangu, tunapakia kwa kubahatisha.