Noti iliyochakaa si noti iliyokufa

Ninyi wazazi mulioacha nyumba zenu Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, leo nasema juu ya jambo moja tu: noti zetu.

Wiki hii, katika soko moja la hapa Goma, nilimwona mama mkimbizi wa ndani akitoa noti ya franka 500 ili aongezewe unga. Noti ilikuwa imebandikwa skochi katikati. Muuzaji hakuigusa hata. "Mama, hii haitembei." Akajaribu kwa wauzaji watatu. Mwishowe akaifunga tena kwenye pindo la kitenge, akaondoka, mtoto analia mgongoni.

Hatua chache tu kutoka pale, kijana mmoja kambiste alikuwa anapokea noti zile zile. Noti tano za 500 alizilipa franka 1500. Sasa niwaulize: kama noti zimekufa, yeye anazipeleka wapi? Hakuna mchuruzi anayenunua maiti.

Nilipeleka swali hilo kwa mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wetu, mzee aliyefundisha hesabu miaka mingi. Akanijibu: "Mwanangu, hata sisi tulikataa noti, lakini tulikuwa na sababu." Akanikumbusha kwamba zaire ilipozaliwa 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwisho wa 1992 Mobutu akatoa noti ya zaire milioni 5, wachuruzi wakaikataa. Januari 1993 wanajeshi waliolipwa noti hiyo wakaipora Kinshasa, watu wakafa. Mwaka huo huo, zaire milioni 3 zikageuka zaire mpya moja.

"Noti ile," mzee akasema, "ilikuwa mpya, inang'aa, lakini ndani hamna kitu. Ya leo imezeeka ngozi tu, thamani yake iko. Ninyi munakataa ngozi."

Kwa dola tunazidi hata wenyewe. Marekani inatambua noti zake zote za kweli, hata za zamani. Iliyopasuka, kama zaidi ya nusu yake imebaki, inabadilishwa. Sisi wa Goma, kapengo kadogo kama jino la panya, dola 10 inakuwa 8. Nani alitupa mamlaka hayo?

Najua wauzaji watanijibu: "Hata sisi, kwenye depo wanazikataa." Ni kweli. Na najua mzizi wa shida. Mabenki yalifunga milango hapa mwisho wa Januari 2025. Zamani noti mbovu ilirudi benki, mpya ikatoka. Sasa zile zile zinazunguka mikononi mwetu, kwenye jasho, mvua na samaki, mpaka zinakatika. Muuza unga hakuleta shida hiyo. Lakini anayeibeba ni nani? Mwenye pesa nyingi anachagua noti nzuri, au anatuma kwa simu. Aliyetolewa kambini na kubaki na noti moja hana cha kuchagua. Tunamkata kodi juu ya umaskini wake.

Mzee anasema utamaduni wetu wa kuaminiana umekufa. Hapo sikubaliani naye. Tazameni likirimba: kila avenue kuna wamama wanaokabidhiana pesa bila karatasi, bila polisi, na kila mmoja zamu yake inafika. Uaminifu uko. Tunawanyima tu wale tusiowajua.

Basi naanza na ninyi wenye depo, kwa sababu kwenu ndiko mnyororo unashikwa. Mukipokea noti iliyobandikwa, muuzaji mdogo ataipokea, na mwenye moto naye ataipokea. Kaeni pamoja siku moja mukubaliane. Shule na makanisa, semeni wazi kwamba munaipokea kwa thamani yake yote.

Na wewe muuzaji niliyekuona, mama yule atarudi. Tazama noti yake: kama namba zinasomeka na vipande viwili ni vya noti moja, mpimie unga wake. Mwaka huu ni yeye aliyekimbia. Goma hii, nani anajua mwaka kesho ni zamu ya nani?