NESI APEWE BENDERA NYEKUNDU

Ndugu wafanya kazi,

Wako wenzetu wasemao: Chama cha reli na wodi ya wazazi vina uhusiano gani? Tupiganie mishahara na posho ya usiku, mambo ya uzazi tuwaachie madaktari. Hao twawajibu hivi: Ni nani hulazwa katika wodi hiyo? Si mke wa bwana mkubwa. Yeye ana hospitali yake ya kulipia. Hulazwa wake zetu, dada zetu na binti zetu. Na nesi anayewahudumia ni mfanya kazi kama sisi. Basi jambo hili ni letu.

Mwenzetu mmoja wa genge la njia alimpeleka mkewe kujifungua. Hospitali hatuitaji. Mimba ilikuwa imepita wiki 41, na daktari akaagiza uchungu uanzishwe kwa dawa. Agizo hilo lilikuwa la haki, hatuligombi. Mama akatundikiwa dripu ya oksitosini. Usiku ule nesi mmoja alikuwa na akina mama 9, na 4 kati yao walikuwa na dripu ya namna hiyo. Alipomrudia mama huyu alikuta uchungu umefika mara 6 katika dakika 10, na moyo wa mtoto unapiga polepole. Akaifunga dripu papo hapo, akamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, akamwita daktari. Mtoto akazaliwa mzima. Asubuhi nesi hakupewa ahsante. Aliambiwa aandike barua ya kueleza kwa nini alifunga dripu iliyoagizwa na daktari bila kupata ruhusa.

Ndugu, tulipopata habari hiyo tulitazamana. Katika reli, ye yote aonaye hatari na asimamishe gari. Mtu wa genge akipunga bendera nyekundu, dereva hushika breki. Usiku, kama hana taa nyekundu, taa yo yote ikipungwa kwa nguvu ni ishara ya hatari. Hakuna amwulizaye cheo chake kabla gari halijasimama. Je, mtoto aliye tumboni ana thamani ndogo kuliko behewa la saruji?

Hatusemi kwamba dawa hii ni mbaya. Oksitosini hutoka hata katika mwili wa mama mwenyewe wakati wa kuzaa. Mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, ndiye aliyeweza kuitengeneza, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Imeokoa akina mama wengi sana. Lakini uchungu unapokaza, damu iendayo kwa mtoto hupungua. Ukiachia, mtoto hupata nafasi ya kupumua. Ukizidi mara 5 katika dakika 10, nafasi hiyo haipo. Ukiendelea hivyo, mji wa mimba waweza kupasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la kupasuliwa zamani.

Ndiyo maana kipimo huanza kidogo. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni uniti 2.5 katika mililita 500 za maji ya dripu, kuanza na matone 10 kwa dakika, na kuongeza matone 10 kila nusu saa mpaka uchungu uwe mara 3 katika dakika 10. Hesabu hiyo si ngumu. Neno gumu ni hili: nani atahesabu? Kuhesabu uchungu wa mama mmoja huchukua dakika 10. Akina mama 4 ni dakika 40. Nusu saa ina dakika 30. Mabwana wakubwa waliosoma kutushinda watuonyeshe hesabu hiyo inavyotimia.

Tena kuna vidonge vya misoprosto, ambavyo kwanza vilitengenezwa kwa vidonda vya tumbo. Kidonge cha kawaida kina maikrogramu 200. Kuanzisha uchungu kwataka 25 tu, yaani sehemu moja ya 8. Lakini mtoto akisha kutoka, dawa hiyo hiyo hutolewa 400 au 600 ili kuzuia damu. Kukata kidonge kwa wembe juu ya meza si kupima, ni kubahatisha. Na dripu yaweza kufungwa, bali kidonge kilichomezwa hakirudi.

Mambo yakiharibika watu husema, Nesi mzembe. Hata sisi tumesema hivyo. Manesi walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017 wakidai mkataba wao utiwe sahihi, wengi wetu tuliwalaumu badala ya kusimama nao. Tulikosa. Anayemweka mtu mmoja mahali pa watu watatu ndiye mzembe, naye usiku ule yuko kwake amelala.

Tuliosoma shule za misheni twawakumbuka Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania walioagizwa na Farao wawaue watoto wa kiume, nao wakakataa wakawaponya. Farao akawaita awaulize kwa nini wamefanya hivyo. Kumbe barua ya kujieleza ni desturi ya zamani!

Basi twataka hivi:

1. Dripu ya kuanzisha uchungu isitundikwe kama hakuna nesi wa kumwangalia mama huyo. Wala dawa isitumiwe ili kitanda kipate nafasi upesi. Haraka haraka haina baraka.

2. Wodi zipewe pampu za dripu, tusitegemee jicho lililochoka kuhesabu matone.

3. Oksitosini ikae katika friji, digrii 2 hadi 8. Iliyokaa katika joto hupoteza nguvu. Nesi huongeza matone bila kujua, na chupa mpya yenye nguvu ikija, hatari huja nayo.

4. Vidonge vya maikrogramu 25 vinunuliwe. Visipokuwapo, kidonge cha 200 kiyeyushwe katika mililita 200 za maji, mama apewe mililita 25 kila saa 2. Aliyewahi kupasuliwa asipewe kabisa.

5. Iandikwe na kubandikwa ukutani: Nesi aonaye hatari aifunge dripu kwanza, ndipo amwite daktari. Asiandikishwe barua kwa kuokoa mtu.

Tangu 2013 hospitali nyingi za serikali ziko mikononi mwa kaunti. Kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, lipitishe azimio, na wajumbe walipeleke kwa kaunti wakiwa pamoja na chama cha manesi. Tusingoje mpaka msiba ufike nyumbani kwetu. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na wazazi ndio sisi.

Umoja ni nguvu!