MUTU MUZIMA HAITWI BOYI



Wako watu wanaosema kwamba wakati wa ukoloni si yote yalikuwa mabaya: wazungu wengine waliwapenda boyi wao, na boyi nao waliwapenda. Hatukatai. Lakini tunauliza: siku ya hasira, upendo ule ulisimama ao ulianguka? Juu ya neno hilo tunataka kuwaelezea muchezo mumoja wa teatre.

Aliyeuandika ni Athol Fugard, muzungu wa Afrika Kusini, aliyekufa mwaka 2025. Jina la muchezo ni "Master Harold"... and the boys, maana yake Bwana Harold na maboyi. Ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1982, kule Marekani. Serikali ya Afrika Kusini iliukataza kwanza. Kisha watu wa Johannesburg waliuona mwaka 1983.

Mambo yote yanatendeka katika nyumba moja ya chai, muji wa Port Elizabeth, mwaka 1950. Ni mwaka uleule serikali ya wazungu ilipoweka sheria ya kuandika kila mutu kwa rangi yake, na sheria ya kugawanya mitaa kwa rangi. Mvua inanyesha, wanunuzi hakuna. Sam na Willie, watumishi weusi waliopita miaka 40, wanajizoeza dansi. Anaingia Hally, mutoto wa mwenye nyumba, miaka 17, anatoka masomoni.

Baba ya Hally ni kilema na mulevi. Aliyemulea mutoto huyu kwa kweli ni Sam. Siku moja Sam alimubeba yule mulevi mugongoni, akimutoa katika baa, mutoto akifuata nyuma kwa haya. Kwa kumuinua tena kichwa, Sam alimutengenezea ndege ya karatasi inayoruka kwa kamba. Iliruka kabisa, na mutoto alifurahi.

Sasa telefone inalia: baba anatoka hospitali, anarudi nyumbani. Hally anajaa haya na hasira. Kumutukana baba hawezi, anamugeukia Sam. Anamuamuru amuite Bwana Harold. Sam anamuonya: nikikuita hivyo mara moja, sitakuita tena jina lingine. Hally hasikii. Mwishoni anamutemea mate usoni.

Sam anataka kumupiga, lakini anazuia mukono wake. Kisha anamufungulia siri: siku ile ya ndege ya karatasi alimuacha peke yake juu ya kiti kirefu cha bustani, kwa sababu kiti kile kilikuwa cha wazungu tu.

Tuangalie vizuri. Katika nyumba ile hakuna polisi, hakuna hakimu. Hally si mutoto mubaya, na upendo wake kwa Sam si uongo. Lakini sheria ya rangi ilikuwa imekwisha kumupa pahali pa kutupia haya yake. Urafiki ambao mumoja anaweza siku yoyote kumuamuru mwenzake amuite bwana, ule ni deni: mwenye nalo analidai siku anayotaka. Wema wa bwana hauwezi kushika nafasi ya haki.

Fugard mwenyewe aliungama kwamba alipokuwa mutoto alimutemea mate mutumishi wa mama yake. Harold ni jina lake mwenyewe. Haya ile aliibeba zaidi ya miaka 30 mbele ya kuiandika.

Sisi wa Katanga tunajua mambo haya. Zamani za Elisabethville, kati ya muji wa wazungu na mitaa ya weusi paliachwa eneo tupu, tusikaribiane. Baba zetu, wenye wake na watoto, waliitwa boyi hata na watoto wadogo. Tarehe 30 juni 1960 Lumumba alikumbusha mbele ya mufalme wa Wabelgiji namna mutu mweusi alivyoambiwa "tu", si kwa urafiki.

Lakini leo, ndugu, nani anaita mutu boyi? Ni sisi. Sisi makarani, sisi wenye kazi mugodini na wenye duka sokoni, tunakaa na mutu mwenye mvi anayefua nguo zetu, na mutoto wetu wa miaka saba anapiga kelele: boyi, leta maji! Tunacheka. Mutu yule anakula nyuma ya nyumba, kisha wote. Kiti kirefu cha Port Elizabeth kimeingia katika nyumba zetu, na mutoto anajifunza kukikalia.

Tuanze jioni hii. Mutu yule ana jina. Ao tumuite baba fulani, kwa jina la mutoto wake. Tumulipe siku tuliyoahidi. Na mutoto akimuita boyi, tumukaripie palepale, mbele yake. Tukinyamaza, siku ya hasira mutoto wetu naye atatema mate, na haya itakuwa yetu.