Kraki ya Camtasia si ya Bure, Buda

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnikasirikie vile mnataka. Kama kazi yako ni kutengeneza video za kufunza watu kutumia mfumo fulani, na programu unayorekodia skrini uliitoa Telegram ikiwa na faili ya kraki ndani, wewe hujaokoa pesa. Umemfungulia mwizi mlango, na nyumba si yako.

Najua majibu. "Hatuna dola." "Kila msee anatumia hivyo." "Mteja hajali, bora video itoke." Nimezisikia hizo hadi nimechoka, na hakuna hata moja inajibu swali lenyewe.

Kwanza tukubaliane hii kazi ni ya maana. Sacco imehamia mfumo mpya, shule ya private imeanzisha tovuti ya wazazi kulipia karo, duka la vipuri limeambiwa litoe invoisi za eTIMS, na kila mmoja anatafuta kijana wa kukaa mbele ya kompyuta arekodi "bonyeza hapa, sasa hapa, ngoja ifunguke". Mwenye duka la vipuri pale Kirinyaga Road hatasoma PDF ya kurasa 60. Ataangalia video yako kwa simu yenye skrini imepasuka, wateja wakiwa wamesimama mbele yake. Asipoelewa, mteja mwenye kampuni anavuka barabara na kwenda duka lingine, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi na KRA wakati wa kuhesabu kodi. Hiyo video yako ya dakika nne ni mkate wa mtu.

Sasa fikiria programu ya kurekodi skrini inafanya nini. Kazi yake ni kuona kila kitu kilicho mbele yako na kusikia kila kitu unachosema. Hakuna programu nyingine kwa laptopu yako unaipa ruhusa kubwa hivyo. Na ili urekodi mafunzo ni lazima uingie kwenye mfumo wa mteja, mara nyingi kwa akaunti ya msimamizi, ile inaona majina ya wanachama, namba za vitambulisho, PIN za KRA, mikopo, kila kitu. Halafu hapo ndipo unaleta faili kutoka kwa mtu humjui, yenye maagizo yanayoanza na "zima antivirus kwanza".

Soma hayo maneno tena. Zima antivirus kwanza. Mtu akikuja kurekebisha kufuli ya nyumba yako akuambie umfunge mbwa, uzime taa za nje na utoke uende kwa jirani, ungekubali?

Na hizi si hadithi za kutisha watoto. Mwaka 2021 kitengo cha usalama cha Google kilitoa ripoti kuhusu wezi waliokuwa wakiwinda wenye chaneli za YouTube tangu mwisho wa 2019. Waliwadanganya wapakue programu, na programu hiyo ikaiba kuki za kivinjari. Kuki ni kale kafaili kanakofanya tovuti ikukumbuke, usiulizwe pasiwadi kila ukifungua. Mwizi akikapata, anaingia kama wewe. Hahitaji pasiwadi. Hahitaji ile namba inatumwa kwa simu yako. Sasa badala ya chaneli ya YouTube weka mfumo wa Sacco yenye pesa za walimu waliostaafu. Wewe utasema "sikujua" kwa nani?

Sheria nayo iko. Data Protection Act ni ya 2019, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile ndogo kati ya hizo mbili. Mteja akipigwa hiyo, ataanza kuuliza nani alikuwa na pasiwadi. Jina lako litakuwa la pili kwa listi, baada ya mtu wa IT, na mtu wa IT atakuwa tayari ameshakutaja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hii hatari yote ni ya nini? Ya kupata mishale inayoruka na mabadiliko ya rangi kati ya klipu. Watu wanachagua programu kwa kuangalia mapambo. Wanaingia kwa zile makala za "programu 10 bora za kurekodi skrini", ambazo nyingi zimeandikwa na kampuni inayouza programu moja kati ya hizo kumi, na wewe unajua tayari namba moja itakuwa nani. Hakuna mahali makala hizo zinauliza: mtu anayejifunza ataona herufi? Atasikia sauti? Mfumo ukibadilika mwezi ujao, unaweza kurudia kipande kimoja bila kurudia yote?

Jibu langu kwa wengi wenu ni OBS Studio. Ni programu huria, ni ya bure kabisa, inaendeshwa kwa Windows, Mac na Linux. Haiweki nembo yake juu ya video yako. Haina kikomo cha dakika. Faili inabaki kwa diski yako, haipandi kwa seva ya mtu. Ile sifa imepewa ya kuwa ya watu wa gemu pekee ni uvivu tu wa kufikiri, eti kwa sababu wanaorusha gemu laivu ndio waliifanya ijulikane. Panga pia ilitengenezewa shamba, lakini mnajua vile inatumika.

Ndiyo, inakaa ngumu ukiifungua mara ya kwanza. Skrini nyeusi, vitufe vingi, hakuna anayekusalimia. Lakini kwa hii kazi unahitaji vitu vichache sana. Chagua "Window Capture" badala ya kurekodi skrini nzima, ndio WhatsApp ya mamako isitokee katikati ya somo la mikopo. Dirisha la kivinjari likitokea jeusi, badilisha njia ya kunasa, uweke ile ya Windows 10. Fremu 60 kwa sekunde ni za mpira wa FIFA. Hapa unaonyesha fomu, 30 zinatosha na hata 15 hakuna mtu atanotisi, na laptopu yako ya mtumba itapumua.

Halafu kuna stima. Sisi ni Wakenya, tuongee kama Wakenya. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida na stima ipotee kabla hujabonyeza kusimamisha, faili yote inaweza kukataa kufunguka, dakika 40 za kazi zimeenda. Ukirekodi kwa MKV, kile kilichokuwa kimeandikwa kinabaki. Ukimaliza unaenda "Remux Recordings" ndani ya menyu ya File, na kwa sekunde chache unakuwa na MP4 ya kumtumia mteja. Programu kibao za kulipia hazikuambii chochote kuhusu hilo, kwa sababu waliozitengeneza hawaishi Umoja.

Jambo ambalo ningelipigia kelele hata kama dunia nzima ingekuwa na leseni halali ni ukubwa wa herufi. Mnarekodi skrini ya 1920 kwa 1080 na maandishi madogo ya kawaida, halafu mnaituma kwa mtu mwenye simu ya inchi sita. Hiyo si video ya mafunzo, ni picha ya satelaiti. Kabla hujarekodi, kuza ukurasa wa kivinjari kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 150. Rekodi kwa 1280 kwa 720. Kisha jitumie video yenyewe kwa simu, ishike umbali wa mkono, uone kama unaweza kusoma neno lililo kwenye kitufe. Huwezi? Rudia. Hakuna kraki itakufanyia hiyo kazi.

Na sauti. Pesa ukiwa nazo, weka hapa. Maiki ya kubana kwa kola ya mia kadhaa pale Luthuli inashinda maiki ya ndani ya laptopu, ile inayorekodi feni kuliko mdomo. OBS ina kichujio cha kelele ndani yake, "Noise Suppression", ambacho kinapunguza ngurumo ya feni vizuri. Hakitamaliza honi za matatu, kwa hiyo rekodi usiku. Mtu atavumilia picha mbaya kidogo. Sauti inayokwaruza anazima kabla hujataja jina lako.

Kama unachofunza kiko kwa simu, hata usipakue kitu. Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020 ina kirekodi chake, iPhone nayo ilipata chake na iOS 11 mwaka 2017. Washa hali ya kutosumbuliwa, washa alama ya kuonyesha kidole kinagusa wapi, anza. Ila ujue app nyingi za benki zinazuia kurekodiwa, utapata giza tupu. Usianze kutafuta ujanja wa kupita hapo. Kizuizi kiliwekwa makusudi, na kinakulinda wewe pia. Piga simu hiyo picha kwa kamera nyingine, ukitumia akaunti ya majaribio, au uchore.

OBS haihariri video, hilo ni kweli. Inarekodi tu. Shotcut na Kdenlive ni za bure na zinakata vizuri. Lakini mimi nasema punguza kukata. Gawa somo liwe vipande vya dakika mbili tatu: kuingia, kuongeza mwanachama, kutoa risiti. Fanya mazoezi mara mbili bila kurekodi, ya tatu rekodi. Ukikosea, rudia hicho kipande tu. Wakihamisha kitufe mwezi ujao, unarekodi upya dakika mbili, si nusu saa.

Sasa, ili mtu asiseme nachukia Camtasia. Ni programu nzuri. TechSmith wamekuwa kwa hii biashara miaka mingi na inaonekana. Inahifadhi mshale wa kipanya kando na picha, kwa hivyo unaweza kuukuza baadaye hata kama ulisahau, na kukuza sehemu ya skrini ni kazi ya kubonyeza mara mbili tatu. Kama una mkataba wa masomo 40 kwa mwezi, hiyo ni saa nyingi umeokoa, na bei yake iko sawa. Basi iweke kwa invoisi. Andika "leseni ya programu ya kurekodi", mteja alipe, leseni iwe yake, wewe uitumie. Mteja anayelipa keki ya mkutano elfu kumi na tano na kukataa leseni ya kifaa cha kazi anakuambia kitu kuhusu jinsi atakavyokulipa na wewe.

Loom nayo inapendwa sana na watu wa ofisini, na naelewa, unabonyeza unaongea unapata linki. Mpango wake wa bure nimeujua ukiwa na kikomo cha dakika 5 kwa video. (Hicho kikomo mimi nakipenda. Kingewekwa kwa kila mwalimu wa YouTube.) Shida yangu ni kwamba video inakaa kwa seva zao, na tangu 2023 Loom ni mali ya Atlassian, kampuni ya Australia. Kwa kuonyesha mwenzako hitilafu, sawa. Kwa video yenye orodha ya wagonjwa wa kliniki, muulize mteja kwanza, na upate jibu kwa maandishi.

Na hii ndiyo inanileta kwa kitu cha mwisho, maana hata OBS halali haitakuokoa ukikosa hii. Dai akaunti ya majaribio. Yenye majina ya kubuni, PIN za kubuni, salio la kubuni. Kuna kampuni moja hapa mjini, sitaitaja, ilinipa pasiwadi ya meneja mwenyewe kwa WhatsApp, ikiwa na ujumbe "fanya haraka kabla ya lunch". Niliwarudishia, nikawaambia waniwekee wanachama watano wa uongo, ndio nianze. Walinuna siku mbili. Siku ya tatu walileta, na wakati huo huo wakagundua akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi bado ilikuwa inafanya kazi.

Kwa hivyo pakua OBS kutoka kwa tovuti yake, obsproject.com, si kwa tovuti inayofanana nayo iliyonunua tangazo juu ya Google. Futa ile nyingine leo, badilisha pasiwadi zako zote ukitumia kifaa kingine, toka kwa akaunti zote halafu uingie upya. Na mwenye atanitumia linki ya kraki tena kwa DM nitamblock, hata kama tulisoma pamoja.