Uzazi wa mpango kwa vijana: Kinachoshindwa si dawa peke yake

KATIKA maduka ya dawa mijini, vidonge vinavyofahamika kwa jina la P2 hununuliwa haraka na kwa sauti ya chini. Miongoni mwa wanunuzi wamo wasichana ambao hawajatimiza miaka 20, na wengi wao huvichukulia kuwa njia kamili ya kuzuia mimba. Sivyo.

Dawa iliyomo ni homoni iitwayo levonogestreli, miligramu 1.5, katika kidonge kimoja au viwili. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Hupaswa kumezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri muda unavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Yai likiwa limekwisha kutoka, haina msaada wa maana. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi. Lakini lililo muhimu zaidi, na ambalo halisemwi sana dukani, ni kwamba yai huwa limecheleweshwa tu. Msichana anayekutana tena na mwanamume siku chache baadaye bila kinga anaweza kushika mimba katika mwezi ule ule aliomeza dawa.

Ndiyo maana wataalamu wa afya huiita njia ya dharura. Kwa matumizi ya kila siku zipo nyingine, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Makadirio yanayotumika sana, yaliyotokana zaidi na wanawake wa Marekani, yanaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume kwa mwaka mmoja, wapatao 13 hushika mimba. Kwa vidonge vya kila siku ni 7, kwa sindano ni 4. Kwa vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, hata mwanamke mmoja hafiki.

Ajabu ni kwamba vidonge vikimezwa bila kukosea hata siku moja, idadi hiyo ya 7 hushuka chini ya mmoja. Dawa ni ile ile. Pengo lote limo katika maisha ya mtumiaji. Na maisha ya msichana wa miaka 16 ni ya kujificha. Pakiti haiwezi kukaa mezani mbele ya mama yake, wala tarehe ya sindano, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, haiwezi kutajwa kwa mwalimu anapoombwa ruhusa. Kuhesabu siku nako kunampotosha zaidi, kwa kuwa katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko wake hubadilika mara kwa mara.

Kondomu, kwa upande wake, inategemea ridhaa ya mwanamume. Mwanamume huyo akiwa ndiye mlipa nauli na vocha ya simu, neno la msichana huwa jepesi. (Ikumbukwe kwamba tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wa mhusika ni ubakaji, hata akikubali.) Hata hivyo, ni kondomu pekee kati ya njia zilizotajwa inayomkinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi, hivyo haistahili kuachwa hata na mwenye kijiti mkononi.

Vijiti humfaa kijana kwa sababu havimdai kumbukumbu. Vikishawekwa hufanya kazi kwa miaka mitatu au mitano, kutegemea aina, kwa kuzuia yai lisipevuke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Hedhi huweza kuvurugika, jambo ambalo asiyeelezwa mapema hulitafsiri kuwa ugonjwa. Uvumi kwamba binti asiyezaa akitumia njia hizi atakuwa tasa hauna ushahidi. Baada ya vijiti kutolewa uwezo wa kushika mimba hurejea upesi. Ni sindano tu inayoweza kuuchelewesha kwa miezi kadhaa.

Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa umri peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima kijana njia yoyote. Nchini Tanzania huduma hizi hutolewa bure katika vituo vya umma. Lakini msichana anayekaribishwa kwa swali la kama ameolewa hatarudi. Dukani haulizwi chochote, hivyo huishia na njia dhaifu kwa sababu ndiyo isiyomwaibisha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, kutoka asilimia 27 mwaka 2015/16. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shuleni. Msichana wa kundi hili bado huonwa na wahudumu wa afya pasipo kujificha, pale anapompeleka mtoto kliniki kwa mizani na chanjo. Hapo hapo angeweza kuelezwa juu ya vijiti na, akiridhia, kuwekewa siku hiyo hiyo, kwani havimzuii kunyonyesha.