MAPINDUZI TUNAYASHANGILIA, MAUA YA KAHAWA TUNAYAUZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nawaona mitandaoni mkijadili mapinduzi. Nani kapinduliwa, jeshi gani limeshika nchi, bendera gani imeshushwa. Vijana wetu wanayajua majina ya makanali wa Afrika Magharibi kuliko wanavyowajua wanaowadai baba zao. Sikatazi kufuatilia dunia. Lakini leo nakuuliza swali moja: kahawa iliyo kibanjani kwako, maua yake ni ya nani?

Wa Kagera umenielewa. Usiye wa huku, nakueleza. Kuna kitu kinaitwa BUTURA. Mkulima kabanwa: mtoto anatakiwa shule ya bweni, mama yuko hospitali, msiba umeingia. Kahawa ndiyo kwanza inachanua. Anakwenda kwa mwenye fedha, anauza ile kahawa ikiwa ua jeupe mtini, kwa bei ndogo kuliko ile ya msimu. Siku ya kuvuna, yeye anachuma, yeye anaanika, na mwingine anabeba gunia la maganda. Mwakani anaanza tena na deni.

Sasa tuangalie historia, kwa sababu hili si jambo la mkulima mmoja.

Buhaya ilikuwa na nyarubanja. Omukama alimpa mkubwa fulani ardhi pamoja na watu waliomo. Yule mtu aliyezaliwa kwenye kile kibanja akawa mtwarwa, analima na kulipa kwa bwana. Kahawa ilipokuwa zao la fedha, nyarubanja ikawa chungu zaidi. Tanganyika ikapata uhuru 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa, na mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuwatoa watwarwa kwenye nyarubanja. Hayo yalikuwa mapinduzi yetu, na hayakumwaga damu. Mjukuu wa mtwarwa akaanza kusema "kibanja changu".

Alhamdulillahi. Lakini tazama leo. Mtu ana kibanja chake, na kahawa si yake. Analima, anavuna, anampelekea bwana. Niambie tofauti yake na mtwarwa ni ipi! Nyarubanja ilitolewa mlangoni, ikarudi dirishani, na safari hii haikuletwa na Omukama. Imeletwa na jirani yako, pengine anayevaa kanzu nyeupe kuliko yako na kukaa safu ya kwanza.

Usidhani mtego huu ni wa wakulima peke yao. Mataifa mazima yameuza maua.

Uingereza iliinuka kwa mitambo. Kuanzia karne ya 18 viwanda vyake vya nguo vilihitaji pamba bila kikomo. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pamba yao ikaadimika, na bei ya pamba ya Misri ikapanda sana. Mtawala wa Misri, Khedive Ismail, akaona neema imefika. Akajenga, akakopa, akakopa tena. Vita vikaisha, bei ikashuka, madeni yakabaki. Mwaka 1875 akaiuzia serikali ya Uingereza hisa za Misri katika Mfereji wa Suez, kwa karibu pauni milioni 4. Mfereji uliochimbwa kwa jasho la Wamisri! Mwaka 1882 jeshi la Waingereza likaingia. Hiyo ni butura ya taifa. Misri ilihitaji mapinduzi ya 1952, na Gamal Abdel Nasser kuutaifisha mfereji mwaka 1956, ndipo ikaurudisha.

Wengine ni hawa wa Haiti, wakulima wa kahawa na miwa kama sisi, ila wao walikuwa watumwa. Waliinuka mwaka 1791, wakawashinda Wafaransa, na 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Duniani yako mapinduzi machache makubwa kuliko hayo. Lakini mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka manowari na kudai faranga milioni 150, fidia ya mashamba na ya watumwa waliojikomboa. Baadaye zikapunguzwa, lakini Haiti ilikopa ili ilipe, na mikopo hiyo haikuisha hadi karne ya 20. Waliushinda upanga, wakafungwa na daftari.

Basi elewa: taifa halisimami kwa kumwondoa mtawala peke yake. Linasimama watu wake wanapomiliki wanachozalisha. Bukoba kuna kiwanda cha kahawa, TANICA, kwa miaka mingi. Wazee walianzisha chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1950, kabla hata ya uhuru. Na pale Katuruka watafiti wamefukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za miaka takriban 2,000 iliyopita. Watu hawa hawakuumbwa kuuza maua! Lakini kiwanda na ushirika vitamsaidia nini mtu ambaye kahawa yake imeshaondoka kabla ya kuiva?

Nazijua hoja zenu.

"Sheikh, tumeridhiana." Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, na katazo hilo, katika Bukhari na Muslim, limemhusu muuzaji na mnunuzi. Akauliza pia: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasitoke, utaihalalisha vipi mali ya ndugu yako? Ridhaa ya mwenye mgonjwa hospitalini ni ridhaa gani? Ridhaa haihalalishi haramu.

"Sheikh, hii ni salam." La! Salam ina masharti. Fedha yote inalipwa palepale. Uzito unajulikana, aina inajulikana, muda unajulikana. Haifungwi kwenye miti ya fulani. Na aliyeuza akishindwa, mnunuzi anasubiri au anarudishiwa fedha yake ileile. Wewe unamwambia nini? "Gunia moja limekosekana, mwakani utaleta mawili." Hiyo ni riba iliyovikwa jina la Kiarabu.

"Sheikh, nisipompa mimi nani atampa?" Hapa ndipo lawama inatugeukia sote, maimamu tukiwa wa kwanza. Tumepaka rangi misikiti na kununua spika, huku muumini anayeswali humo akiuza ua.

Basi tufanye haya:

Kwanza, zaka. Surat At-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki. Wafanyabiashara wa kahawa, toeni zaka ya biashara, na kamati za misikiti ziwakomboe waliofungwa: mdai arudishiwe kiasi alichotoa, si magunia. Wala usiseme, "Nimemsamehe deni, hiyo ndiyo zaka yangu." Wanachuoni wengi hawaikubali.

Pili, kila msikiti uwe na mfuko wa qardh hasan, mkopo usio na nyongeza, unaolipwa wakati wa mavuno. Uanze mdogo. Uandikwe, washuhudie watu wawili, kama Qur'ani ilivyotufundisha kuandika madeni.

Tatu, wewe mkulima, kahawa yako ipeleke chama cha msingi, udai stakabadhi, uhudhurie mikutano. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano asilalamike siku ya malipo.

Nne, wewe unayenunua butura: mwenye shida anatakiwa kupewa muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Hayo yamo katika Al-Baqara, aya ya 280. Rudisha magunia kabla hujarudishwa wewe kwa Mola wako. Hija ya fedha ya maua usijifariji nayo.

Na kijana, kabla hujaandika tena kuhusu mapinduzi ya nchi za watu, nenda kamuulize baba yako: "Mzee, kahawa ya mwaka huu bado ni yetu?" Akinyamaza, kazi yako ianzie hapo.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako, na uwafungulie wenye madeni katika ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.