Kuchomoa na Kuchomoka: Kitenzi cha Kiswahili katika Fanksheni za Kiini

Uundaji wa istilahi za kompyuta kwa Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, uwindaji wa nomino. Wino mwingi umemwagika juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004, mafanikio yake, ambayo hayafai kubezwa, yalikuwa ya menyu na vitufe, yaani uso wa programu. Chini ya uso huo kuna kiini cha mfumo endeshi, na huko kitenzi ndicho kinachotawala. Makala haya yanashikilia kwamba wanaistilahi wamekiacha kitenzi nyuma, na kwamba hasara yake ni ya maana, si ya mapambo tu.

Mfano mzuri ni kadi za PCMCIA, zilizopewa jina la chama kilichoundwa Marekani mwaka 1989. Kadi hiyo, yenye upana wa milimita 54 na urefu wa milimita 85.6, ilichomekwa ubavuni mwa kompyuta ya kupakata ili kuiongezea modemu, mtandao au hifadhi. Tofauti na kadi inayofungwa ndani ya mashine, hii iliweza kuondolewa wakati wowote bila mashine kuzimwa. Kwa hiyo kiendeshi chake (na hapa neno hili lina maana ya programu inayokiendesha kifaa, ingawa wengine huliita kiendeshi hata lile gurudumu la diski, jambo ambalo peke yake lingestahili makala) hakikuweza kujichukulia vitu kiholela. Kilipaswa kuviomba kwa kupitia fanksheni maalumu za kiini.

Fanksheni hizo huja kwa jozi. Kiendeshi hujiandikisha, kisha husoma maelezo ambayo kadi yenyewe hubeba kumbukumbuni mwake. Baada ya hapo huomba anwani za kuingizia na kutolea data, huomba laini ya katizo, na mwishoni huomba usanidi uwashwe. Kadi ikiondoka, kila kilichoombwa hurudishwa: usanidi kwanza, kisha anwani na katizo, na mwishowe kiendeshi hujiondoa katika orodha.

Msomaji wa sarufi ya Kiswahili hatakosa kuona kwamba huu ni uwanja wa kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, chomeka na chomoa. Kwa katizo, lugha inatoa jozi ambayo haijatumiwa ipasavyo: tega na tegua. Kiendeshi kinachosubiri ishara ya kadi kimetega sikio. Kinaporudisha laini kinautegua mtego wake. Uhusiano wa vitendo viwili unaonekana katika umbo la neno lenyewe, na mwanafunzi hahitaji kuukariri. Hata hivyo, kauli hii haitumiki ovyo. Sajili, kitenzi cha asili ya Kiarabu, hakina tenduo lake. Na anayedhani kwamba kinyume cha kuunga ni kuungua atajikuta katika moto. Penye upungufu wa namna hiyo ni heri kusema wazi: jiandikisha na jiondoe.

Lakini hoja nzito zaidi iko katika tofauti ya kuchomoa na kuchomoka. Huduma za kadi zilitenganisha matukio mawili. La kwanza ni ombi: mtumiaji anataka kuichomoa kadi, na kiendeshi chaweza kukataa, mathalani kama data bado inaandikwa. La pili ni taarifa: kadi imechomoka. Hapa hakuna wa kuombwa ridhaa. Hata pini 68 za tundu la kadi zilitengenezwa kwa kuzingatia hali hii: za umeme ni ndefu kuliko nyingine, na mbili za kutambua uwepo wa kadi ni fupi kuliko zote, ili mashine ipate habari kabla umeme haujakatika.

Kiendeshi kisichotofautisha mambo haya huumia, na mashine huumia nacho. Kadi iliyotoka ikisomwa, aghalabu biti zote hurudi zikiwa moja, na baiti husomeka 255. Kiendeshi kinachozunguka kikingoja biti fulani ishuke kuwa sifuri kitaendelea kuzunguka, na ikiwa kimo ndani ya katizo, mashine nzima yaweza kuganda. Mwalimu anayeeleza yote mawili kwa nomino moja, "uondoaji", ameifuta tofauti ambayo kauli ya kutendeka ingeihifadhi bila gharama.

Itasemwa kwamba hakuna anayeandika kiini kwa Kiswahili, na kwamba majina ya fanksheni yatabaki ya Kiingereza. Hilo ni kweli, wala hapana haja ya kuyabadili. Ila fanksheni hufundishwa kabla ya kuandikwa, na ufundishaji una lugha yake. Itasemwa pia kwamba kadi zenyewe zimepitwa na wakati. Zimepitwa kweli, lakini kifaa cha USB nacho huchomoka, na kiendeshi chake hukabiliwa na swali lilelile. Kamusi ya kompyuta itakayoorodhesha kuchomoa pasipo kuchomoka itakuwa imemwachia mwanafunzi nusu ya kazi.